Mihadhara na matembezi ya mwaka: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila ratiba mpya inapotoka, simu zinaanza kulia, na maswali mengi ni yaleyale. Tumeyakusanya hapa. Mengine tumeyajibu kwa mstari mmoja, mengine yametuvuta tukaeleza kwa kirefu, maana ndiyo yaliyotufanya tuanzishe chama.

Chama chenu kinafanya nini hasa?

Tunasikiliza, tunatembea, tunaandika. Tuko Lubumbashi, na tunashughulika na historia ya mji huu na akiolojia ya Katanga kwa jumla. Kila mwaka kuna mihadhara na kuna matembezi, na katikati yake kuna kazi ya kimyakimya ya kukusanya simulizi za wazee.

Lazima niwe nimesoma historia chuoni?

Hapana. Wanachama wetu ni walimu, mafundi, wauzaji wa soko, wastaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, wanafunzi. Aliyefanya kazi kwenye tanuru miaka thelathini ana la kumfundisha profesa, na profesa analo la kumfundisha yeye. Kwetu wanakaa benchi moja.

Mnaongea lugha gani?

Kiswahili cha hapa kwetu. Mzungumzaji akichanganya Kifaransa kidogo hakuna anayeshtuka, lakini maelezo muhimu lazima yarudiwe kwa Kiswahili ili mama aliyekaa nyuma asiondoke mikono mitupu.

Wapo wanaodhani historia inaandikwa kwa Kifaransa tu. Wajue kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji huu, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Walieleza mji kama walivyouona wao: jikoni, uani, barabarani. Kwa hiyo tunapofanya mhadhara kwa Kiswahili hatufanyi jambo jipya. Tunafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa hapahapa.

Mwaka wenu unapangwaje?

Mvua ndiyo inayopanga. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara za udongo ni tope, kwa hiyo tunakaa ndani na mihadhara, mara moja kwa mwezi, Jumamosi mchana. Mvua ikikatika tunatoka. Matembezi yanaanza Mei na kwenda hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli, njoo na koti. Oktoba jua ni kali, njoo na kofia na maji.

Mji ulianzishwa 1910. Kwa nini mhadhara wa kwanza kila mwaka ni wa mambo ya miaka elfu nyuma?

Kwa sababu mwaka 1910 ni mwaka ambao reli ilifika kutoka kusini na Wabelgiji wakaupa mji jina la malkia wao, Elisabeth. Watu walikuwapo. Kazi ya shaba ilikuwapo. Jules Cornet na wengine waliofika Katanga miaka ya 1890 kutafuta madini walionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikuwa wakiyachimba vizazi kwa vizazi. Kalukuluku, ambayo baadaye iliitwa Étoile du Congo, ilikuwa na mashimo ya zamani kabla mzungu hajaweka alama yake pale. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa 1906, na tanuru lake la hapa Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza 1911. Lakini lilitumia elimu ya mahali ambayo mababu walikuwa wameilipia kwa jasho.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Waliokota na kuchimba malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watoto wa Ruashi wanalijua vizuri. Walichoma mkaa wa miti migumu ya pori. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu unavumilia moto bila kupasuka haraka, kisha wakapuliza kwa mivukuto hadi shaba ikashuka chini. Baadaye waliiyeyusha tena na kuimimina kwenye umbo walilotaka. Haikuwa kazi ya kila mtu. Ilikuwa na mafundi wake, miiko yake na dawa zake, na watu wa kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba.

Naviundu, jina ambalo wengi wetu tunalitaja tu tunapopanda teksi, ni mahali ambapo dalili za kuyeyusha shaba zimepatikana za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi tunaona ni kosa mtoto wa Lubumbashi kumaliza shule akiijua tarehe ya reli bila kulijua hilo. Ndiyo maana tunaanza hapo, na tutaendelea kuanza hapo.

Ile misalaba ya kale ya shaba inayopatikana Katanga ni ya Kikristo?

Si ya Kikristo. Ni ya karne nyingi kabla ya wamisionari kufika. Umbo lake linafanana na herufi X au H, kutegemea mahali na zama, na ilimiminwa na mafundi haohao tuliowataja.

Habari zake nzuri zaidi zimetoka makaburini. Kando ya ziwa Kisale, kwenye bonde la Upemba, kuna mahali panaitwa Sanga. Jacques Nenquin alichimba pale 1957, Jean Hiernaux 1958, na Pierre de Maret akarudi 1974. Waliyoyakuta ni makaburi ya watu waliozikwa kwa heshima kubwa, na vyungu, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma pembeni yao. Katika kipindi kinachoitwa cha Kisale, ambacho kilele chake ni kati ya karne ya 11 na ya 13, vyungu ni vya ufundi wa ajabu na misalaba ni michache. Katika kipindi cha Kabamba, kilichofuata kuanzia karne ya 14, misalaba inaongezeka. Mwanzoni ni mikubwa. Kadiri miaka inavyokwenda inakuwa midogo, mingi na yenye kulingana. Hapo waakiolojia wanasoma safari yake: ilianza kama mali ya heshima, ikaishia kuwa fedha ya kulipia vitu.

Mtu akiishika mkononi huwa anashangaa uzito. Kingo hazijanyooka, upande mmoja ni laini na mwingine una mikwaruzo ya mahali ilipomiminwa. Unaona mkono wa fundi.

Na wale wanaokumbuka miaka ya Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga na Kongo, wanajua: bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu, na sarafu za 1961 zilikuwa nayo pia. Alama ya kale ilichukuliwa na siasa mpya. Hilo nalo ni historia, na lina mhadhara wake.

Tunaweza kwenda Sanga?

Kama chama, hapana. Ni mbali, njia ni ngumu, na kundi kubwa likikanyaga makaburi linaharibu. Tunafanya mhadhara wenye picha, kisha tunakwenda Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambayo ina vitu vya akiolojia vya Katanga. Watu wengi wa mji huu wamepita mbele ya mlango wake maisha yao yote bila kuingia. Tunawaomba waingie.

Matembezi ya "ua la shaba" ni nini?

Ni matembezi tunayoyapenda kuliko yote. Tunayafanya mwishoni mwa mvua, wakati nyasi bado ziko hai.

Shaba ikizidi kwenye udongo, miti mingi inakufa au inakataa kuota. Unatembea porini chini ya miti, ghafla unatokea mahali peupe, hapana mti, kuna nyasi fupi na maua tu. Mmoja wa mimea inayovumilia udongo huo unaitwa Haumaniastrum katangense, wa jamii ya mnanaa, wenye maua ya zambarau. Watafuta madini waliufuata ili kujua shaba iko wapi. Kisha wataalamu wa mimea, François Malaisse akiwa mmoja wao, walionyesha jambo la pili: mmea huu unaota pia mahali ambapo hapana mgodi wowote, ila watu wa zamani waliyeyushia shaba. Masizi na mabaki ya tanuru yametia udongo sumu ya shaba, na karne zimepita lakini ua bado linaonyesha mahali. Mwakiolojia anayejua kusoma maua anajua wapi pa kutazama.

Siku hiyo tunafundishana kupiga magoti na kutazama chini. Kipande cha udongo uliochomwa kina rangi nyekundu ndani na kinakwaruza kidole. Kipande cha mrija wa mivukuto kina tundu, na mdomo wake mmoja umeyeyuka ukawa kama kioo cheusi. Taka ya tanuru ni nzito kuliko jiwe la ukubwa wake. Tunatazama, tunapiga picha, tunaandika mahali, tunarudisha palepale. Hata maua hatuchumi: mimea kadhaa ya udongo wa shaba inapatikana Katanga tu, na migodi inaimaliza.

Matembezi ya mjini yanapita wapi?

Tunaanza stesheni ya gari moshi, kwa sababu mji wa Wabelgiji ulianzia relini. Tunapita posta, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na sinagogi, inayokumbusha Wayahudi waliofanya biashara hapa. Mtaa kwa mtaa unaona mji uliochorwa kwa rula.

Halafu tunakwenda Kamalondo, na hapa tunatembea polepole. Mji wa wazungu na mtaa wa weusi ulitenganishwa kwa makusudi na ukanda mtupu usiojengwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Sehemu ya ukanda huo imejaa majengo sasa, lakini ukiambiwa pa kutazama, bado unauhisi katika upana wa nafasi na jinsi barabara zinavyobadilika. Kamalondo ndiyo mzazi wa komini nyingine, yaani mitaa mikubwa ya mji huu: Kenya, Katuba, Ruashi zilikuja baadaye, watu walipozidi. Mpira wetu, muziki wetu, namna yetu ya kuvaa Jumapili, vingi vilipikwa Kamalondo. Mazembe yenyewe, iliyoanzishwa 1939 na mapadri Wabenedikto, haielezeki bila mitaa hii.

Tunamalizia kwa kutazama bomba la moshi na mlima mweusi wa taka za tanuru, kutoka mbali. Wageni wanapiga picha kwa sababu ni kubwa. Wazee wetu wanautazama wakihesabu zamu za usiku.

Kwa nini kila Desemba mnazungumzia 1941?

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waliokuwa wamegoma walikusanyika uwanja wa mpira hapa Elisabethville. Ilikuwa vita, Kongo inatakiwa kutoa shaba nyingi, bei za vitu zimepanda na mshahara haujafuata. Walidai nyongeza. Léonard Mpoyi alikuwa msemaji wao. Askari walifyatua risasi, Mpoyi akauawa, na wengi pamoja naye.

Hatufanyi sherehe. Tunasoma yaliyoandikwa, tunasikiliza familia ambazo zilibeba habari hii kwa mdomo tu, na tunakaa kimya kidogo. Mtu asiyeijua siku hiyo hajaijua Lubumbashi.

Mnakwenda Shilatembo?

Ndiyo, karibu kila kiangazi. Ni kama kilomita 50 kutoka mjini, kwenye barabara ya Likasi. Hapo ndipo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa 17 Januari 1961, siku ileile waliyoletwa Elisabethville kwa ndege. Juni 2022, baada ya Ubelgiji kurudisha jino la Lumumba, jeneza lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Tunaomba mavazi ya heshima na sauti ya chini. Mjadala tunaufanya baadaye, tukisharudi mjini.

Na Shinkolobwe?

Hapana. Mgodi uliotoa urani ya mabomu ya Marekani ya 1945 umepigwa marufuku kuingiwa, na marufuku hiyo ina sababu. Mionzi haionekani kwa macho. Tuna mhadhara kuhusu Shinkolobwe na unajaza ukumbi kila mara. Anayekuahidi kukupeleka kwa niaba yetu, si mwenzetu.

Safari ya Bunkeya inahitaji nini?

Siku mbili, kulala huko, na adabu. Bunkeya ilikuwa mji mkuu wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, akajenga dola la Wayeke kwa shaba, pembe za ndovu na pia biashara ya watumwa, jambo ambalo hatulifichi. Aliuawa 20 Desemba 1891 na afisa Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Bodson naye akapigwa risasi papo hapo akafa.

Kiti cha Mwami, mfalme wa Wayeke, kipo hadi leo. Hatuendi Bunkeya kama watu wanaokwenda kuogelea: tunatuma ujumbe kwanza, tunasubiri jibu, tukifika tunajitambulisha kwa wakubwa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Msafara usiopata jibu unaahirishwa.

Tukianza kuzungumza kujitenga kwa Katanga, hatutagombana?

Mnaweza kutofautiana. Katanga ilitangaza kujitenga 11 Julai 1960, ikaisha Januari 1963, na katika ukumbi mmoja wapo waliopoteza ndugu kila upande. Vilevile 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine, walioondoka na waliobaki wanakumbuka tofauti. Sheria yetu ni moja: unasema ulichokiona au ulichosimuliwa, na unamtaja aliyekusimulia. Tusi la kabila likitoka, mtu anaombwa kutoka. Tumeona wazee waliokuwa hawasalimiani wakisahihishana majina ya mitaa, kisha wakaondoka pamoja.

Nimechimba choo nikakuta vyungu vya zamani. Nifanye nini?

Kwanza simamisha jembe. Usioshe, usikwangue, usijaribu kuunganisha vipande. Piga picha kikiwa bado udongoni, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, kalamu inatosha. Pima kina kutoka juu. Andika ulichokiona pembeni: mkaa, majivu, mifupa, rangi ya udongo. Kisha funika kwa udongo uleule na utoe taarifa kwa makumbusho au kwetu, sisi tutakusindikiza.

Sababu ni rahisi. Chungu kilichotolewa na kuwekwa kabatini ni chungu kizuri tu. Kikiwa mahali pake, juu ya majivu fulani na chini ya udongo fulani, kinaweza kusema ni cha lini na cha nani. Ukishakitoa, hakuna profesa wa kukirudishia hayo. Sheria nayo ipo: ile ya 15 Machi 1971 kuhusu kulinda mali za kitamaduni inataka ruhusa kwa uchimbaji wa namna hii.

Ukikutana na mtu anayenunua misalaba ya shaba mlangoni, mkatalie. Tunajua fedha inahitajika. Lakini atakupa bei ya mifuko michache ya unga, na kitu kitaondoka bila jina la mahali, na watoto wako hawatakiona tena.

Nina bibi anayekumbuka kampi za Union Minière. Nianzeje?

Anza leo. Usianze na tarehe, wazee wengi hawakuweka maisha yao kwa tarehe. Muulize alikaa kampi gani, avenue gani, jirani alikuwa nani. Muulize posho ilikuwa na nini, ilitolewa siku gani, nani alikwenda kuichukua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea wanaume wa mkataba mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi na familia zao. Kwa hiyo wanawake ndio wanaojua maisha ya kampi yalivyokuwa mchana, mume akiwa kazini: mama wa kufundisha kushona, nesi wa kupima watoto uzito, mkaguzi wa usafi.

Mwite Mama au Bibi, si kwa jina. Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, tena mbele ya mtoto wake mmoja. Akinyamaza, nyamaza naye. Kitabu cha kazi, picha ya harusi, kadi ya hospitali: vipige picha mezani karibu na dirisha, umrudishie mkononi palepale. Usiondoke navyo. Familia nyingi zimewahi kukopesha picha zisizorudi, na tunaelewa kwa nini zinasita.

Kazi hii ina walimu wake hapa mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya kumbukumbu za wafanyakazi kwa miaka mingi, na maonyesho ya kumbukumbu za mji yamefanyika kwenye makumbusho. Tunajifunza kwao.

Ada ni kiasi gani?

Inatangazwa kwenye mkutano wa Januari, kwa franka. Mihadhara ni bure kwa wote. Matembezi ya mbali kila mtu anachangia basi na mafuta. Asiye na uwezo amwambie mweka hazina pembeni; halitajwi mbele ya watu.

Chakula?

Matembezi ya mjini, hakuna. Ya mbali, akina mama wa kamati wanapika bukari, yaani ugali, na matamba, mboga ya majani, na samaki akipatikana. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, huwa upo.

Watoto wanaruhusiwa?

Kuanzia miaka minane hivi, na mtu mzima wao. Shilatembo, mzazi aamue mwenyewe.

Nipige picha popote?

Usipige picha askari, vizuizi, viwanda vinavyofanya kazi wala lango la mgodi. Kiongozi wa siku atasema wapi panaruhusiwa. Akisema weka simu mfukoni, weka.

Nawezaje kupendekeza mada au mahali?

Njoo kwenye mkutano wa Novemba, ndipo ratiba inapopangwa, au mpe katibu karatasi yenye mambo matatu: mahali ni wapi, nani anapajua vizuri, na mwenye ardhi au mkuu wa mtaa anaitwa nani. Mapendekezo ya mtaani kwako mwenyewe yanatangulizwa. Kwa msimu huu bado tunatafuta watu wa Katuba na Ruashi wanaokumbuka nyumba za kwanza zikijengwa.